Kipande cha Lori

Dereva wa lori la saruji ndiye aliyeharibu mambo, na wala hakuwa na nia mbaya.

Tulikuwa kwenye baraza la nyumba ya mahujaji, ile ya mwisho kabla ya kilima. Nyumba ya ibada tuliiona juu pale, nyeupe, na watu kwenye ngazi zake wadogo kama sisimizi. Tulikuwa watatu: mimi, Mama Mikate na Kinyozi. Kila mmoja alitoka kwao bila kumjua mwenzake. Tulishikamana njiani kwa sababu mwendo wetu ulikuwa mmoja, na wote watatu hatukupenda wale mahujaji wanaoimba kabla hata hawajapiga mswaki. Kinyozi alitubatiza majina. Mama Mikate ana tanuri la mikate kwao. Mimi nina diploma ya ugavi na natunza stoo ya hospitali, na mkoba wangu ulikuwa na kila kitu, kwa hiyo nikawa Mama Stoo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nambandika Mama Mikate plasta kwenye kisigino. Kinyozi alikuwa anamnyoa ndevu dereva mmoja aliyeegesha lori lake nje. Dereva akatazama kwenye kioo, akamwona Mama Mikate nyuma yake.

"Ah! Si mgonjwa wetu huyu?" akasema, povu likiwa bado shavuni. "Mama, umepona! Siku ile nilivyokulaza juu ya mifuko ya saruji nikasema, huyu hafiki."

Wembe wa Kinyozi ukasimama hewani. Mimi niliendelea na plasta.

"Ulinilaza juu ya mifuko wapi?" Mama Mikate akauliza, taratibu.

"Pale kiwanda cha mbao. Nikakushusha zahanati. Hawa wenzako hawakukwambia?"

Hatukumwambia. Mwanawe wa pekee alianguka na pikipiki, akalala hospitali bila kufumbua macho, madaktari wakaanza kuzungumza kwa sauti ndogo. Mama Mikate akaweka nadhiri: mtoto akiamka, atakuja hapa kwa miguu yake, kutoka mlango wa tanuri lake hadi mlango wa nyumba hii ya ibada, bila kupanda kitu. Mtoto akaamka. Mama akafunga virago. Njia nzima alikuwa hana mzaha na jambo hilo. Aliwahi kukataa hata kukalia pikipiki iliyoegeshwa, apumzike tu.

Sasa siku ya jua kali alianguka nje ya kiwanda cha mbao, macho yamegeuka, hasikii, haitiki. Nikasimamisha gari la kwanza lililopita. Tukampakia, nami nikapanda naye. Kinyozi akabaki na mizigo yetu yote, akaja nayo kwa miguu. Mama Mikate alizinduka akiwa na dripu mkononi, akadhani zahanati iko palepale alipoangukia. Hakuuliza. Nikamwambia Kinyozi afunge mdomo, na kwa kinyozi hiyo ni adhabu kubwa.

"Mmeniibia njia," Mama Mikate akasema.

"Tumeokoa roho yako," nikamjibu.

"Nilimwambia Mungu nitakuja kwa miguu. Sikumwambia kwa miguu na saruji."

Mtunza nyumba, dada mmoja aliyekuwa anapiga deki, akaona aingilie. "Mama, Mungu anaangalia moyo."

"Moyo ulikuwemo kwenye lori, sikatai. Miguu je?"

Dada akarudi kwenye ndoo yake. Mama Mikate akauchomoa mguu wake mikononi mwangu, plasta ikining'inia, akaanza kukunja shuka. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anarudi kwao. Hawezi kupanda kile kilima na kusimama mbele ya ule mlango na deni ambalo yeye mwenyewe analijua. Alisema bila kulia, na hapo ndipo nilipoona kwamba hatanii. Ametembea njia yote ile, zimebaki ngazi tu, na angegeuka kweli. Kwao angekaa mbele ya tanuri akisubiri mtoto apatwe na kitu kingine.

Nikakasirika, na mimi nikikasirika napanga. Kazini kwangu mzigo ukipungua hatukai chini kulia. Tunatafuta umepungua wapi, tunajaza.

"Kinachokosekana ni kutoka kiwanda cha mbao hadi zahanati," nikasema. "Hakuna kingine. Dereva, unaelekea wapi?"

"Narudi kuchukua saruji."

"Unapita kiwanda cha mbao?"

"Napita."

"Kinyozi, malizia hilo shavu haraka."

Mama Mikate akanitazama kama nimemtukana. "Nipande lori tena? Mara hii nikiwa na akili zangu?"

"Uliahidi kuja kwa miguu. Kurudi nyuma si kuja. Kurudi hata ukipanda punda ni shauri lako."

Akafikiri. Midomo ilimchezacheza.

"Huyu angekuwa wakili tungekwisha," Kinyozi akasema, akimfuta dereva kwa taulo.

"Wewe baki," nikamwambia. "Kile kipande ulikitembea."

"Nilikitembea na mikoba mitatu kama punda huyo unayemsema. Lakini nibaki hapa peke yangu nisikilize waimbaji? Twendeni."

Ilibidi nimpigie simu binti yangu, ambaye alikuwa anakuja kunipokea jioni ile.

"Usije leo. Njoo kesho."

"Mama, si ulisema umefika?"

"Nimefika. Narudi."

"Unarudi wapi?"

"Nyuma."

"Mama, jua limekupiga?"

"Limempiga mwenzangu. Kesho, na usichelewe."

Lori likatushusha kwenye geti la kiwanda cha mbao, likaenda zake. Misumeno ilikuwa inapiga kelele ndani na unga wa mbao umetanda barabarani.

"Nilianguka wapi?"

Nikamwonyesha: kando ya mtaro, penye bomba lililovunjika. Akapita pale, akarudi nyuma hadi upande wa pili wa geti, ili isije ikapungua hata hatua. Kisha akageuka, akaanza kutembea. Akatutangulia.

Kile kipande hakina uzuri wowote. Ni ukuta mrefu wa kiwanda, kisha magari mabovu, kisha ukuta mwingine. Kivuli hakuna. Na kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani, maana nilipokuwa kwenye lori nilikuwa nashika mapigo ya mkono wake, barabara sikuiona. Nikatambua jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo nilipokuwa napanga mipango yangu: mimi pia sikuwa nimekitembea. Nilipanda lori lilelile, na nikiwa na akili zangu timamu.

Katikati ya ukuta wa pili msuli wa mguu ukanikaza. Nilijikaza kisabuni hatua chache, halafu nikakaa kwenye jiwe la pembeni, meno yameumana. Na kama aliyeagizwa, dereva wetu akatokea, lori limejaa, akafunga breki.

"Mama, panda! Zahanati si mbali!"

Mama Mikate akageuka. Akarudi hadi mbele yangu, akasimama, jasho likimtiririka.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unajitambua?"

"Najitambua."

"Basi nakuuliza, maana mimi huwa nauliza. Upakiwe au usipakiwe?"

"Wewe ulikuwa umezimia. Ningekuuliza vipi?"

"Sawa, nilizimia. Nilipozinduka je? Siku zote zile tumekula pamoja, tumelala chumba kimoja, unanibandika plasta. Mdomo ulikuwa wapi?"

Kinyozi akatazama ukuta kana kwamba umeandikwa habari za maana. Nami nikaona kwamba anasema kweli. Niliogopa angegeuka kurudi kuanza pale, nasi tucheleweshwe. Nikamwamulia, kama namwamulia mtoto.

"Kukupakia, kesho ukizimia nakupakia tena," nikasema. "Kunyamaza nilikosea. Nisamehe, mwenzangu."

Alipiga magoti barabarani, akashika msuli wangu kwa ile mikono yake ya kukanda, akaukanda kama unga uliogoma kuumuka. Nilipiga kelele hadi mlinzi wa kiwanda akachungulia.

"Ukimaliza mtie chumvi kidogo," Kinyozi akasema.

Mama Mikate akacheka kwanza. Kisha mimi, huku machozi yananitoka kwa maumivu.

"Haya, hujanijibu," akasema. "Unapanda?"

"Nitatambaa, lakini sipandi. Mwambie aende na saruji yake."

Akanipa mkono, nikasimama. Kutoka pale tulitembea sambamba, watatu, tukiziba nusu ya barabara na kupigiwa honi. Zahanati ilipotokea, muuguzi akatoka mlangoni akauliza mgonjwa ni nani.

"Hakuna mgonjwa," Mama Mikate akamwambia. "Nimekuja kugusa ukuta wenu."

Akaugusa kwa kiganja. Nami nikaugusa. Muuguzi akasema wiki hii amewaona wa kila aina, akarudi ndani. Kutoka hapo kwenda mbele tulishatembea, kwa hiyo tulipanda gari la abiria hadi nyumba ya mahujaji bila ugomvi na mtu, wala na Mungu.

Asubuhi tulipanda kilima. Kinyozi hakuongea, na hilo lilinitisha kidogo. Kwenye ngazi za mwisho Mama Mikate alisimama, nikadhani amechoka, kumbe anavua viatu. Akapanda zilizobaki kwa nyayo tupu, akashika mlango, akaingia. Tulimwacha peke yake huko. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumpigia mwanawe.

"Nimefika, baba. Kwa miguu. Yote."

Simu yake ina sauti kubwa, tulimsikia kijana vizuri. "Hongera, mama! Afadhali umepiga. Hili tanuri linatoa moshi tu tangu juzi, wateja wamekasirika. Unaliwashaje?"

"Umefungua kimlango cha chini?"

"Kipi?"

"Kipi! Umekulia mbele ya tanuri hilo unaniuliza kipi? Kile cha majivu! Inama, inama kabisa, sukuma kwa mguu!"

Watu waliokuwa wakisali uani wakageuka kumtazama. Hakushusha sauti hata kidogo.