Mama Tansy wa Kidimbwi cha Bata

Wiki ya nne sasa Mama Tansy hakuonekana bustanini, na Clive Ollerenshaw hakuwa na pa kumtafutia, kwa sababu hakujua jina lake.

Alimjua mbwa wake tu, Tansy. Wenye mbwa wa Sheffield ndivyo walivyo: jina la mbwa unauliza siku ya kwanza, la mwenyewe ukiuliza unaonekana mdaku. Basi yule akawa Mama Tansy, Clive akawa Baba Otis, na kila asubuhi walizunguka kidimbwi cha bata wakizungumzia mvua, magoti na bei ya siagi. Mke wa Clive alikufa miaka tisa iliyopita. Tangu majira ya kuchipua, Clive alikuwa ameanza kunyoa ndevu kabla ya kutoka na mbwa.

Alimwuliza Bev wa kibanda cha chai.

"Jina lake? Miaka minne unamnunulia chai, leo unaniuliza mimi?"

"Sikutaka kumchimba."

"Ungemchimba tu, bwana wee! Mwenzio anapaka rangi ya mdomo saa moja asubuhi. Ulidhani anawapakia bata?"

Clive akamvuta mbwa wake Otis kwa kamba, akaondoka.

Jumamosi alimwona Tansy akiingia kwa lango la chini. Akaongeza mwendo. Kisha akaona kamba iko mkononi mwa mwanamke mwingine, mdogo zaidi, mwenye pua ileile ya Mama Tansy. Otis alikwisha kuchomoka kwenda kumnusa Tansy.

"Huyu Otis?" mwanamke akauliza. "Basi wewe ndiye Baba Otis! Mama alikuulizia mpaka manesi wakachoka. Mimi nakaa mbali, mji wa Hull, nimekuja kufunga nyumba yake. Ningemwuliza nani? Kitabu cha simu hakina Baba Otis."

"Kwani yuko wapi?"

"Tumemzika Jumatatu, mzee wangu. Moyo."

Clive aliinama akaifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Aliitwa nani?"

"Winifred. Winnie."

Clive alilitamka jina mara moja, taratibu, huku ameinama vilevile.

Winnie alilazwa hospitali siku tisa, vituo vinne vya basi kutoka pale kidimbwini. Wageni waliruhusiwa mchana na jioni. Hizo ni nafasi kumi na nane za kukaa kando ya kitanda chake. Clive alizikosa zote kumi na nane, na maziko pia.