Majivu ya Rupa na Mto Chenab

Zuleha wa ghorofa ya tatu anaapa kwamba Muzamil alimtupia Babu Harjit kopo lake ngazini, majivu ya marehemu mkewe yakatawanyika mpaka mlangoni pa lifti. "Wallahi, nimeyafagia mwenyewe!"

Hakufagia kitu. Nilikuwepo mimi, maana asubuhi humpikia Babu chai na kumshikia ncha ya kilemba akikifunga.

Babu ni Singasinga, alikuwa seremala Nakuru. Mkewe, Rupa, alizaliwa kando ya mto Chenab, upande uliobaki Pakistan India ilipokatwa mbili. Kwao majivu hutiwa kwenye maji yanayokwenda, na Rupa alimwapisha: maji yangu ni yale. Babu ameomba viza mara mbili, mara mbili amenyimwa. Mwaka huu wa 2002 ndiyo kabisa. Majeshi yametazamana mpakani, na redioni wanasema India huenda ikauzuia mto.

Muzamil, jirani yetu hapa Newtown ughaibuni, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa anakwenda Pakistan kumuoza dada yake. Babu akamkimbilia ngazini, kilemba nusu, mimi nyuma na ncha yangu. Muzamil alilipokea lile kopo la chai lenye majivu kwa mikono miwili. Akasimama nalo. Kisha akaliweka chini, taratibu.

"Fundi, askari akilifungua nimwambie nini?"

"Mwambie chumvi."

"Chumvi ya kijivu!" Akacheka, macho yamemlowa. "Mto wenyewe ndio wanaougombea, fundi. Nisamehe."

Teksi ikapiga honi. Akaenda.

Babu akaketi pale pale ngazini, nami kando yake. "Mwatima, wakiuzuia kweli, nitampeleka wapi?"

Nikamwambia mto haufungwi kama bomba. Sikuwa na hakika. Mimi niliishia darasa la saba, na mito tuliyofundishwa ni ya bara.

"Basi nenda wewe. Jina lako la Kiislamu, pasi yako ya Tanzania. Unafika, unamimina, unarudi."

Pasi yangu iko serikalini mwaka wa pili sasa, nangoja barua ya kubaki au ya kuondoka. Babu anajua, barua za wakili ananisomea yeye. Amesahau, au hataki kukumbuka.

Akaniwekea kopo magotini. Lilikuwa jepesi.

"Utakwenda, binti?"

Nikaikaza ncha ya kilemba, pasi sikumkumbusha. Akaendelea kukizungusha.