Malta Juu ya Paa la Mahjar

Nusra alikuwa akiwauzia watu likizo katika ofisi ya usafiri, mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh. Mwezi wa kumi bosi wake alimtunukia siku nne Malta, yeye na wazazi wake, hoteli imeshalipiwa. Ila pasipoti hawana. Babu yake aliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne na karatasi iliyokwisha muda njiani, na tangu hapo ukoo mzima unaishi Saudia kwa ikama, kibali cha ukaazi, isiyotaja nchi.

Akapiga simu kufuta chumba.

"Hakifutiki," alisema Rita, mwenye hoteli. "Kama hamwezi kuja, tutakileta kisiwa. Paa lenu lina upana gani?"

Nusra akamtajia, akapanda basi kwenda Jeddah, kwa wazazi wake mtaa wa Mahjar. Ijumaa asubuhi mama yake, Bi Wahida, alipanda juu kuanua nguo akakuta kisiwa kimeshafika: mizaituni, ngazi za mawe, ghuba ya maji ya kijani, upepo wa vuli. Nguo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mbarouk, njoo na koti," alimwita mumewe. "Huku kuna kibaridi."

Supu ya samaki ya Rita haikumridhisha Bi Wahida. Akaingia jikoni mwenyewe, akatia ndimu na pilipili, na kufika mchana watu wa kisiwani wamepanga foleni na mabakuli. Jirani wa chini alikuja kulalamika kwamba maji ya chumvi yanamdondokea sebuleni. Akashuka, akarudi na wanawe na taulo. Nusra alilala hadi saa nne, hakuna mteja wa kumuuliza kitu.

Baba yake, aliyezaliwa Kandara, humo humo Jeddah, na asiyewahi kuvuka mpaka wowote, alikaa ukingoni mwa ghuba, miguu majini, akitabasamu peke yake. Kando yake palikuwa na mikate minne.

"Mikate yote hii ya nani, baba?"

"Muuza mkate kaniuliza natoka wapi. Nikamwambia, Jeddah. Akasema, 'Karibu, mtu wa Jeddah.'" Akaipapasa mikate. "Basi nikarudi tena. Na tena. Kule chini, mwanangu, hajapata kuniita hivyo mtu."

Nusra akavua viatu, akakaa naye. Wakala mkate mmoja wote.

Jumatatu baada ya alasiri kisiwa kiliondoka taratibu kuelekea kaskazini, juu ya matangi ya maji ya majirani, Rita akipunga kitambaa. Bi Wahida akafagia mchanga.

Jumanne Mbarouk alikwenda ofisi ya uhamiaji kuhuisha ikama. Kijana wa dirishani aliona mchanga nyweleni mwake.

"Ulikuwa likizo, mzee?"

"Malta."

"Wanasema pazuri."

"Pazuri mno. Bahari yake ya baridi kidogo."

Kijana akafungua faili. "Na kwenu ni wapi?"

"Jeddah."

Kijana akacheka kwa adabu, akaiacha tupu nafasi ya nchi, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu.