Kiti cha Kata ya Saba

Katika ukumbi ule wa baraza la jiji, kila mtu alikuwa amechaguliwa isipokuwa karani. Kata ishirini na nne zilikuwa zimeleta madiwani ishirini na wanne, na madiwani hao wakamchagua meya miongoni mwao. Karani yeye aliajiriwa tu. Hana kura, hana hoja. Kazi yake ni kuita majina na kuandika nani yupo, nani hayupo. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kazi hiyo, na kanuni za baraza alizijua nje ndani.

Ndiyo maana siku hiyo hakuwa na pa kujificha. Diwani wa Kata ya Saba alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ambaye mji mzima ulimwita Mitaro kwa jinsi alivyodai mitaro ya maji machafu mpaka wenzake wakaomba poo. Alikuwa amekosa vikao viwili. Na kanuni ilisema vikao vitatu mfululizo bila barua ya ruhusa, yenye saini ya diwani mwenyewe, basi kiti kiko wazi.

Mara mbili Mitaro alimwomba barua hiyo.

"Dada, niandikie nitie saini. Ugonjwa huu si wa kuamka kesho."

"Acha kujichulia!" alimkemea. "Kikao kijacho utaenda kwa miguu yako."

Yeye aliyewaandikia madiwani wengine barua za mafua, aliogopa kumwandikia ndugu yake. Aliona akiandika tu, atakuwa amekubali. Kisha Mitaro akazidiwa, akawa hajitambui wiki mbili nzima, na saini ikawa haipatikani tena.

"Kata ya Saba," aliita. Kimya. Akaita tena.

Meya alivua miwani. "Karani, labda barua imechelewa huko masjala? Tunaweza kusubiri."

Alikuwa anamfungulia mlango, na kila mtu aliliona hilo. Angeitikia tu, na mdogo wake angebaki diwani. Lakini mwaka juzi, katika ukumbi huo huo, alimsomea kifungu hicho diwani mwingine, mama aliyekuwa akiuguza mtoto, wala hakupepesa macho.

"Hakuna barua, mheshimiwa," alisema, akakisoma kifungu chote. Kila neno lilimchoma.

Alasiri alikwenda hospitalini, akamkuta Mitaro amefumbua macho. Furaha ilimpanda, ikamshuka papo hapo.

"Dada, kikao kimepita?"

"Kimepita leo. Kiti kimetangazwa wazi. Ni mimi niliyekuponza, mdogo wangu. Uliniambia niandike, nikajifanya najua kuliko wewe."

Mitaro alitazama dari. "Uchaguzi wa kujaza nafasi ni lini?"

"Ndani ya siku tisini."

"Siku tisini," alirudia, akijaribu kutabasamu. "Si mngenisubiri kidogo tu, dada? Mngenizika diwani."

Alitaka uwe utani, maana ndiyo kawaida yake, lakini machozi yalikuwa yakimteremka kuelekea masikioni. Karani alimfuta kwa kiganja, akamfuta tena.