Nyuma ya Kitambaa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono. Watu wote wa Mtumba walikuwa wanatazama mieleka, wanapiga makofi na kuimba, lakini mimi niliutazama mkono wa yule mzungu aliyesimama nyuma ya kisanduku chenye miguu mitatu. Ulikuwa unazungusha mpini polepole, bila haraka na bila kusimama, kama mkono wa mama anayekoroga uji usishike chini. Nikajiuliza anakoroga nini. Kisha nikaona kwamba jicho la kioo la kile kisanduku linamtazama kaka yangu, aliyekuwa uwanjani anashikana na Mazengo.

Sikujua bado kisanduku kinafanya nini. Hata hivyo nilitamani kaka yangu aondoke mbele yake.

Kaka yangu hakutakiwa kuwa pale. Wakati wa masika, mvua iliposomba tuta la reli kule Gulwe, askari walikuwa wanakamata wanaume njiani wakalijenge upya. Naye alikamatwa akirudi kutoka Kondoa kuuza mbuzi. Akawapa jina la uongo, na hakusema kwao ni wapi. Kule Gulwe nyapara wao, aitwaye Tabu, alimkuta amekaa chini anakunywa maji. Sisi Wagogo hutoboa masikio na kupanua ndewe mpaka kidole kinapita. Nyapara akapitisha kidole chake, akavuta, ndewe ikachanika. Kaka yangu akampiga mdomoni kwa mpini wa sururu, akakimbia.

Tangu siku hiyo alilala na ng'ombe huko porini, na sisi nyumbani tuliacha kulitaja jina lake. Akikamatwa ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha mnyororo. Na wakijua kwao ni Mtumba, wangemfunga mama kwanza mpaka yeye ajitokeze. Tulikwisha kuona wakifanya hivyo kijiji cha pili.

"Mbona umekuja?" nilimwuliza alipotoka uwanjani, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Mdogo wangu, nimechoka kuishi kama fisi. Umeona nilivyomwinua Mazengo?"

"Nimeona."

"Basi cheka."

Nikacheka. Mavuno yalikuwa mazuri, nyama ilikuwapo, na ugali wa uwele na mlenda wa kutosha. Mama zetu wakabana ngoma magotini wakazipiga, wazee wakatoa mazeze, nikacheza mpaka nyayo zikawaka moto. Sikumbuki siku tamu kama ile. Sikumbuki pia siku nyingine niliyogeuka kutazama nyuma mara nyingi namna ile.

Jua lilipoanza kushuka, mpishi wa yule mzungu akatutangazia: "Bwana anasema atakwenda Tabora na atarudi. Akirudi, mtajiona wenyewe Dodoma, mnatembea juu ya kitambaa!"

Watu wakamcheka. Mimi nikaukumbuka ule mkono.

Mimi nafanya kazi Dodoma, kwa Bi Stara. Wazee wake walikuja na misafara ya zamani wakabaki, naye ana duka la nguo karibu na stesheni, na barazani tunauza vitumbua. Si mtu wa kusema mimi. Hata shuleni kwa wamisionari, mwalimu alidhani sijui kusoma, kumbe naiogopa sauti yangu mwenyewe. Nikatolewa kusaidia nyumbani kabla sijamaliza kitabu cha kwanza. Kwa Bi Stara sihitaji kusema sana, maana yeye anasema kwa niaba ya wawili.

Naipenda baraza ile. Duka la ng'ambo ya njia lina santuri, na alasiri mwenyewe akiizungusha, mwanamke tusiyemwona anaimba kwa lugha tusiyoijua, nami huzipunguza kuni motoni ili zisilie nikakosa kusikia. Na naipenda bao. Bi Stara anacheza bao kuliko wanaume wa mji mzima. Ila mwanamume aliyekuwa akija kucheza naye kila alasiri alikuwa ni Nyapara Tabu, ambaye baada ya kazi ya Gulwe alihamishiwa stesheni ya Dodoma.

"Cheza, nyapara," Bi Stara alikuwa akimwambia, "au unangoja gari moshi likuletee akili?"

"Nafikiri, Bi Stara. Usinitie haraka."

"Fikiri, baba, fikiri. Nyumba yako nimeshaila."

Nyapara Tabu alicheka, na pumzi ikapiga mluzi katika pengo la meno yake ya mbele. Kila alipopiga mluzi ule alikumbuka hadithi yake. Akanyoosha kidole.

"Kidole hiki hapa. Sikio la kushoto, nimelichana mwenyewe. Jina alilonipa la uongo, kwao sikujui, lakini sikio lile nitalijua hata akijificha kaburini."

"Na yeye atayajua meno yako," alisema Bi Stara. "Cheza."

Mimi nilikuwa nageuza vitumbua. Kimoja kilinitoka kikaangukia majivuni.

"Huyu msichana wako ni bubu?"

"Loisi? Si bubu. Anachagua wa kusema naye. Wewe hujachaguliwa."

Wakacheka wote wawili. Nikainama kwenye moto ili wadhani macho yangu yameliwa na moshi.

Mzungu wa kisanduku akarudi kweli. Akataka kitambaa kikubwa cheupe, na Bi Stara akakata bafta, akanipa mimi niunganishe mapande. Niliwaza kuitia moto. Lakini dukani kulikuwa na bafta nyingine, na nyingine baada ya hiyo, wangekata tu. Nikashona. Nilishona kwa mikono ya baridi, nikajiona namshonea kaka yangu sanda.

Nilimtumia habari. Jibu lilirudi kwa mchunga mbuzi: "Mwambie mdogo wangu asiogope. Kitambaa hakina mdomo."

Picha zilionyeshwa Jumapili alasiri katika ghala la stesheni. Milango ilifungwa, madirisha yakazibwa kwa magunia, ikawa giza kama ndani ya chungu. Kitambaa changu kilitundikwa katikati. Upande wa mbele, penye mashine, waliwekewa viti wazungu, na nyuma yao wenye maduka na makarani. Sisi wengine wote, hata Bi Stara na duka lake, tulikaa upande wa pili, nyuma ya kitambaa. Watu wa Mtumba hawakuja. Baada ya watu kukamatwa njiani, nani angejipeleka stesheni?

Mpishi akanipa ndoo na kata. "Wewe uliyeshona, kazi yako hii. Kitambaa lazima kiwe na maji ndipo picha ipenye mpaka upande wenu. Kikikauka, Bwana atanipiga mimi, nami nitakutafuta wewe."

Nikasimama kwenye kigoda nikamwagia bafta yote maji. Niliposhuka nikamwona Nyapara Tabu na fimbo yake. Amewekwa upande wetu, kutunyamazisha.

Mashine ikaanza kulia kama panzi wengi. Mwanga ukaja juu ya kitambaa, na ndani yake maandishi. Nilijaribu kusoma, nikashindwa. Nilidhani hofu imenisahaulisha hata kidogo nilichofundishwa, maana herufi zote zilikuwa na sura ngeni. Niliiona E, lakini imenipa mgongo, meno yake yanatazama kushoto.

Kisha akaja mtu amebeba ngazi, akaanguka nayo, akainuka, akaanguka tena. Ghala lote likalipuka kwa kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Likaja gari moshi linatukimbilia usoni, watu wakarukiana, na Nyapara Tabu mwenyewe akaruka kando akaangusha fimbo.

"Nyapara, limekugonga?" mtu mmoja akauliza gizani.

"Nyamaza, mshenzi!"

Kisha ikaja Mtumba.

Niliujua ule uwanja kabla ya watu. Mama zetu na ngoma zao, midomo inaimba bila sauti. Mazengo akaingia, na nyuma yake kaka yangu, anatembea kama alivyotembea siku ile, mabega wazi, kana kwamba dunia haina manyapara. Akageuka akatutazama sote. Ndewe ilining'inia imechanika vipande viwili, kila mtu angeweza kuiona.

Nyapara Tabu alikuwa amesogea mbele ya watu. Mluzi wa pengo lake ukakatika.

"Sikio lile!"

Mama yangu nilimwona mbele ya macho yangu, mikono yake imefungwa kamba.

"Sikio lile…" Akajishika sikio lake la kushoto, kisha la kulia, kisha akakitazama kitambaa. "Aa. La kulia. Nililolichana mimi lilikuwa la kushoto." Akasogea hatua moja zaidi. "Lakini kimo ni chake. Na mabega."

Nikatazama tena. Kweli, lilikuwa la kulia. Na Mazengo, ambaye ni shoto, hata jembe anashika kwa mkono wa kushoto, alikuwa anakamata kwa mkono wa kulia. Hapo nikaikumbuka ile E iliyonipa mgongo. Sikuwa nimesahau kusoma. Sisi tuliokaa nyuma tulikuwa tunaona kila kitu kimegeuzwa, kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Waliokaa mbele waliliona sikio mahali pake, lakini wale hawakuwa na meno yaliyovunjika, hawakuwa wanalitafuta.

Picha ikaisha. Wazungu wakapiga makofi, mmoja akapaza sauti, na mpishi akatangaza: "Mieleka inarudiwa! Bwana Mkubwa ameipenda!"

"Wanarudia?" Nyapara akaokota fimbo yake. "Basi naenda mbele nikamwone vizuri. Huku nyuma ni mbali na mwanga."

Akaanza kutembea kuelekea pembe ya kitambaa. Hatua chache tu angekuwa upande wa pili.

"Nyapara."

Sikuitambua sauti. Alipogeuka kunitazama ndipo nilipojua ni yangu.

"Nini?"

"Kitambaa kinakauka." Nikaonyesha kwa kata. "Pale juu. Bwana… Bwana alisema kikikauka atapiga watu. Kigoda hiki kinayumba. Nishikie."

"Mimi nikushikie kigoda?"

"Wewe ndiwe mkubwa wa huku nyuma. Atakuuliza wewe."

Alisimama pale, anapima kati ya wazungu na sikio. Mashine ikaanza kulia. Akatukana, akaja, akainama akashika kigoda kwa mikono miwili.

"Haraka!"

Sikufanya haraka. Nilipanda na kata ya maji, nikajinyoosha katikati kabisa ya kitambaa, mimi ambaye hupita ukutani ili nisionekane. Watu wakaanza papo hapo.

"Shuka, we!"

"Tumekuja kutazama mgongo wako?"

"Baba yako alikuwa fundi wa vioo? Mbona hatuoni kwa kupitia kwako?"

Nilimwaga maji, nikachota, nikamwaga tena. Yalikuwa yanashuka mpaka miguuni, yanamlowesha nyapara kichwa, naye anatukana na kufumba macho. Ganda la muwa likanipiga shingoni. Nilikuwa nalia, nadhani, lakini usoni palikuwa na maji tu. Na hapo mwanga ukabadilika, kwa sababu mieleka ilikuwa imeanza, na picha ikapenya kitambaa ikaniangukia mimi. Kaka yangu alipita juu ya mkono wangu. Alikuwa mdogo, mtu mzima anayetosha kati ya kiwiko na kiganja, na pale pale juu ya ngozi yangu akamshika Mazengo kiunoni, akamwinua.

Kisha giza. Nikashuka.

"Umenilowesha kama jogoo aliyenyeshewa," alisema Nyapara Tabu.

Tulirudi pamoja, mimi na Bi Stara. Tulipofika barazani akasema, "Loisi mwanangu, kile kitambaa kilikuwa kinachuruzika maji tangu mwanzo."

"Ndiyo, Bi."

"Haya. Washa moto."

Kesho yake nyapara alikuja kwenye bao. Nilimpa kitumbua kwa mikono miwili.

"Kumbe unajua kusema," alisema. "Ila sikio lile ningeliona sawasawa kama si mgongo wako." Akaninyooshea kile kidole. "Si wewe ni Mgogo? Picha ile walisema ya wapi?"

"Wanaosema picha ni wa mbele," Bi Stara akadakia. "Sisi wa nyuma tuliambiwa na nani? Cheza, nyapara, kete zinaota mizizi."

Kwa siku nyingi baada ya hapo, kila aliposimama ghafla barazani nilidhani amekumbuka. Usingizi ulinihama, na vitumbua vikawa vinaungua. Hatimaye reli ikamhitaji mbele zaidi, akapanda gari la mizigo kwenda Tabora. Mzungu alikwisha kuondoka na kisanduku chake. Bi Stara akaifumua ile bafta, akanipa pande moja nijifunge. Ni nguo nzuri, lakini mara nyingine najikuta naitazama mkononi, kama kuna kitu kinaweza kurudi kupita.

Kaka yangu amepeleka ng'ombe kaskazini, kupita Kondoa. Hakuiona picha yake, na sidhani kama ataiona. Gari moshi likipiga honi bado naruka. Kinaweza kurudi kisanduku, anaweza kurudi nyapara.

Lakini siku ile, juu ya kigoda, watu wakinizomea, kulikuwa na neno limenijaa mdomoni, na halikuwa neno la hofu. Nilitaka kugeuka niwaambie watazame vizuri, watazame anavyomwinua mtu mzima kama mtoto. Sikumwambia Bi Stara, wala mama, wala nyapara aliponiuliza. Nalisema hapa.

Yule ni Matonya. Ni kaka yangu.