Mstari Kati ya Mama na Mtoto

Muuguzi alisimama mlangoni mwa wodi ya wazazi akaita kwa furaha, "Mama wa kitanda cha dirishani! Mwanao ameshapata joto. Njoo umchukue, mnakwenda nyumbani leo."

Mimi nilikuwa kitanda cha jirani, namnyonyesha mwanangu. Nikageuza shingo. Huyo mama wa dirishani tulimpa jina la Kicheko, kwa sababu siku tuliyoingia wote na uchungu alitania kila kitu, hadi feni ya darini. Tangu jana hakucheka tena. Mtoto wake alizaliwa bila pumzi, na nilimsikia akilia ndani ya shuka.

Kicheko alitazama dari kitambo. Halafu akashuka kitandani polepole, akajitanda shuka, akamfuata muuguzi.

Chumba cha joto kilikuwa na mtoto mmoja tu, naye alikuwa wangu. Nilizaa mapacha. Mkubwa niliachiwa, mdogo alitoka baridi kama jiwe wakamkimbiza huko nikiwa bado nashonwa. Nilikuwa sijamshika hata mara moja.

"Shangazi," nikanong'ona, "mwanangu anachukuliwa."

Shangazi yangu alikuwa anakunja nguo za mtoto. "Anachukuliwa na nani?"

"Kicheko."

"Dawa za maumivu hizo, mwanangu. Lala."

Lakini Kicheko alirudi na mtoto kifuani. Alikaa akitazama dirishani, ametugeuzia mgongo, akafungua kifua. Mguu mdogo ulichomoza kwenye blanketi, una utepe mpya wa karatasi. Asubuhi walikuwa wamepita wakikata tepe za zamani zilizoandikwa kwa kalamu na kuvisha zinazotoka kwenye kompyuta. Utepe ule ulikuwa na jina halisi la Kicheko.

Shangazi aliusoma, nguo zikamdondoka. Akaenda mezani kwa muuguzi kama mtu anayekwenda kuzima moto. Mimi nilibaki nimemkumbatia mkubwa, nikisikiliza.

"Huyu binti yangu kazaa wawili," alisema shangazi.

"Kompyuta inasema mmoja, mama."

"Kwani hiyo kompyuta ilikuwepo leba? Ilishika kichwa au ilishika mguu?"

"Usinifokee, mama yangu. Mimi nimeingia zamu leo. Kuandika kwa mkono kumekatazwa, ninachokiona hapa ndicho ninachokijua. Huyu ana mtoto mmoja, yule ana mtoto mmoja. Mambo yamekaa sawa."

"Yamekaa sawa kwa nani?"

Muuguzi akapiga simu kwa mwenzake wa jana. Haikupatikana. Alikuwa ameanza likizo, yuko safarini. Na karatasi ya kumruhusu Kicheko ilikuwa imeshatoka kwenye mashine, ipo mezani. Mlinzi wa getini huangalia vitu viwili tu, karatasi na utepe. Vikilingana, anakufungulia na kukutakia malezi mema.

Wakamwita fundi aliyeutengeneza mpango ule wa kompyuta. Kijana mpole, shati limechomoka. Alibonyezabonyeza, akasoma, akajikuna shingo. Halafu akachukua boksi tupu la glavu akachora visanduku viwili. Kimoja akakiandika Mama, kingine Mtoto, akavuta mstari katikati.

"Huu mstari unasema mama mmoja, mtoto mmoja," alieleza. "Wakubwa waliniambia wanaogopa mtu kutoka na mtoto wa mwenzake pamoja na wake. Nikaufunga hivyo, asiweze kupata wawili."

"Na mapacha je?" shangazi akauliza.

Fundi akatazama chini. "Niliongea na watu wa ofisini, mama. Wakunga sikuwauliza."

"Ungeuliza hata kuku."

Fundi akaendelea, sauti imeshuka. Muuguzi wa jana alipotaka kumwingiza pacha wa pili kwangu, mashine ilimkatalia. Kumwacha mtoto bila mama pia ilimkatalia. Inaelekea alitafuta mama asiye na mtoto, akampachika hapo ili kazi iende, akisema moyoni atakuja kurekebisha.

"Basi rekebisha!" nilisema. Sauti ilitoka ndogo mno, nadhani ni shangazi tu aliyeisikia.

"Mstari naweza kuubadilisha," fundi alisema. "Lakini nimhamishie nani? Hayo ninayosema ni makisio. Mashine inaonyesha tu kwamba yule mama ana mtoto."

"Na mimi simhamishi mtoto wa mtu kwa makisio," muuguzi akadakia. "Mama mwenyewe akikubali, sawa. Asipokubali, tupime damu. Majibu ni wiki kadhaa."

"Na hizo wiki mtoto anakaa na nani?" shangazi akauliza.

Muuguzi alitazama ile karatasi mezani. "Na mama wa kwenye utepe."

Niliiona njia yote kutoka kitanda cha dirishani hadi getini, ukumbi, ngazi, ua, na baada ya hapo mji mzima ambao mimi sijui nyumba ya Kicheko iko upande gani. Nikashuka kitandani. Mshono ulivuta kama unafumuka. Nikambeba mkubwa, nikaenda kukaa kwenye kitanda cha Kicheko.

"Usinitazame hivyo," akasema bila kugeuka. "Sikuiba. Wameniita."

"Najua, dada."

"Waliniita mama. Umesikia? Tangu jana hakuna aliyeniita hivyo."

Fundi alikuwa amesogea na kompyuta yake mkononi. Kicheko akamkazia macho. "Wewe ndiye mwenye hiyo mashine? Wangu umemweka wapi humo?"

Fundi akatelezesha kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Kisanduku cha mtoto kinataka uzito, joto, chanjo... Kinapokea walio hai, dada."

"Kwa hiyo mimi sikuzaa."

Kicheko akamvuta mwanangu kwake, mkono mzima juu ya kichwa chake. "Basi niacheni na huyu. Kwenye mashine yenu ni wangu. Naenda nyumbani."

Akaanza kuinuka. Nilimshika shuka. Sikujua ningefanya nini baada ya hapo. Nilikuwa na mtoto mkono mmoja na shuka ya mtu mkono wa pili.

"Ngoja, dada, ngoja," fundi akasema. Alipiga goti sakafuni, akachora tena kwenye boksi. Safari hii akaweka kisanduku cha tatu katikati, akakiandika Uzazi. Mstari wa kwenda kwa mtoto akaupanua mwishoni, kama mguu wa kuku. "Mama ana uzazi. Uzazi mmoja unaweza kuleta mtoto mmoja, wawili, hata zaidi. Na kila mtoto anaandikwa, awe hai, asiwe hai."

"Chora kwenye mashine. Boksi la glavu linatupwa," akasema Kicheko.

Akakaa palepale sakafuni akafanya kazi. Kicheko alibaki nusu amekaa, nusu amesimama, na mimi sikuiachia shuka. Kila kiatu kilichopita ukumbini nilidhani ni mtu anakuja kumwambia gari la kumpeleka nyumbani liko tayari.

"Jinsia?" fundi akauliza hatimaye.

"Wa kike."

"Jina?"

Kicheko alilitaja mara moja, polepole. Fundi akaliandika, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kicheko akaligusa jina kwa kidole, herufi moja moja, akaketi.

Muuguzi akakohoa. "Na huyu uliyempakata, dada?"

"Ni wa huyu binti."

Nikanyoosha mkono.

"Mwache amalize kunyonya," akasema Kicheko.

Nilitaka kumnyakua. Nilimpa shangazi mkubwa, nikasogea hadi magoti yetu yakagusana. Mikono nikaiacha imenyooka mbele mpaka ikauma. Macho yangu hayakutoka kwenye lile koo dogo linalomeza, linapumzika, linameza. Mtoto akaachia ziwa. Kicheko akamfuta maziwa mdomoni kwa kidole gumba, lakini hakumwinua.

"Dada," nikasema.

"Nakusikia," akasema, akamwinua.