Mama Mkwe wa Shimo la Kumi na Moja

Injini ilikuwa inanguruma chini ya kiti changu, na bamba la mbele la tingatinga nilikuwa nimelielekeza kwenye mtego wa mchanga niliouchonga mwenyewe katika kiwanja cha gofu. Rundo la udongo wa kufukia lilikuwa limeshamwagwa pembeni, jekundu, bado lina unyevu wa alfajiri. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Ningesukuma, ningeshindilia, waoteshaji wa majani wangekuja nyuma yangu, na baada ya mvua chache hakuna ambaye angejua kwamba pale paliwahi kuwa na kitu cha kutisha watu.

Ng'ambo ya njia ya majani, karibu na miti, lilisimama tingatinga jingine, kubwa kuliko langu. Juu yake alikaa shangazi yangu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, mikono ameikunja kifuani. Injini yake nayo ilikuwa inanguruma. Alikuwa amekataa katakata kuifanya ile kazi.

"Mtoto ni wako," aliniambia siku moja kabla. "Ukitaka kumzika, mzike mwenyewe. Mimi nitakuja kutazama tu."

Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenifundisha kuchonga viwanja vya gofu. Msanifu huchora, na msanifu wetu alikuwa fundi kweli wa kuchora, lakini karatasi haina jua wala kivuli. Anayeamua kilima kiinuke wapi na kivuli kimwangukie nani ni mtu wa tingatinga. Shangazi alikuwa na jina katika kazi hiyo. Wanaume waliomcheka alipopanda mashine mara ya kwanza walikuja baadaye kumwomba awafundishie watoto wao, naye aliwajibu kwamba ana mmoja tayari na huyo mmoja anamtosha kwa kichwa kigumu.

Maishani mwake hakuwahi kupiga mpira wa gofu hata mmoja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Anayepika sumu haonji."

Alinifundisha hivi. Ukimaliza kuchonga shimo, yaani kipande chote cha uwanja kutoka pa kuanzia hadi kwenye bendera, simama pale mchezaji anapoanzia, mikono mitupu, utazame bendera mpaka viganja vitoe jasho. Visipotoa jasho, shimo halijaiva, rudi kwenye mashine. Vikitoa, nenda hadi kwenye bendera, geuka, kisha litembee shimo lote kinyumenyume, kutoka mwisho hadi mwanzo. Ukilitembea hivyo unaona kila hila ikiwa uchi: kumbe mtego ulioonekana umekumbatia bendera uko mbali nayo, kumbe dimbwi lililoonekana limekodoa macho halina habari na wewe.

"Macho ndiyo yanayocheza gofu," alisema. "Mikono inatumwa tu. Wewe shughulika na macho."

Na sharti lake lilikuwa moja. Mchezaji haonyeshwi mgongo wa mtego. Mtego ukishaonekana mgongo, alisema, ni shimo la mchanga kama lile la watoto kuchezea.

Jambo jingine ambalo lazima nilieleze ni injini. Shangazi alipokuja kukagua kazi yangu, hakushuka na kusema vizuri au vibaya. Alikuja na mashine yake, akakaa juu yake, akatazama, na injini ikiendelea kunguruma. Akiona kasoro aliinyooshea kidevu. Asipoona kasoro pia aliondoka injini ikinguruma. Msimamizi alilalamika kila siku kuhusu mafuta yanayoungua bure, naye akamjibu kwamba injini huzimwa kazi ikiisha, na kazi ya mwanafunzi haiishi. Nilimwona akiizima mbele ya kazi za wengine, mafundi wa rika lake, mara chache sana. Mbele ya kazi yangu hakuizima kamwe, na nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nina mashine yangu, nina watu wananiita fundi.

Ndipo akanipa shimo la kumi na moja. "Hili lako," alisema. "Sitaki kuliona mpaka liishe."

Lilikuwa shimo fupi kuliko yote, la kumfanya mtu apige mara moja tu na kuifikia bendera. Fupi ndilo gumu kulitia hofu, maana mchezaji anaona kila kitu. Nikaamua nimwonyeshe kila kitu. Mtego wa mchanga, ambao msanifu aliuchora mdogo ubavuni, nilimwomba ruhusa niulete mbele, naye akacheka akanipa. Nikaupanua hadi ukaziba njia nzima. Mdomo wake wa mbele nikauinamisha ili mchanga wote umkabili mchezaji, mweupe, hauna aibu. Ukingo wa nyuma nikauinua na kuuacha umekatikakatika, kwa sababu mstari ulionyooka humtuliza mtu. Kushoto nikaliacha dimbwi lionekane lote, ingawa ili mpira uangukie humo ni lazima uutume huko kwa makusudi. Kulia nikauacha mti mmoja, mmoja tu. Miti mingi ni msitu, lakini mti mmoja ni mtu amesimama anakutazama.

Nyuma ya ule ukingo, pasipoonekana, nikachimba bonde la majani laini, pana, ambamo matingatinga yetu yote mawili yangeegeshwa na mtu bado akapita na toroli lake. Mpira ukiangukia humo unabingirika wenyewe hadi karibu na bendera. Lakini ukisimama pa kuanzia huoni bonde. Unaona mchanga, na bendera imechomoza juu ya mchanga. Na njia ya miguu nikaipitisha ubavuni, maana anayefika kwenye bendera huwa hageuki kutazama alikotoka.

Siku nilipomaliza nilisimama pale nikatazama. Viganja vikalowa. Viganja vyangu mimi, niliyelichimba lile bonde mwenyewe! Nilijivuna. Sitaki kusema nilifurahi au nilishukuru, nilijivuna, kifua kikanijaa hadi shati likanibana.

Shangazi akaja na mashine yake. Akatazama. Akashuka, akalitembea shimo kinyumenyume, akapanda tena, na injini ikanguruma vilevile.

"Tuwangoje wachezaji," alisema, akaondoka zake.

Wachezaji hawakuchelewa. Kiwanja kilipofunguliwa, mashimo mengine yalisifiwa, na la kumi na moja likapewa jina. Waliuita ule mtego Mama Mkwe, kwa sababu kila aliyeukaribia alipunguza mwendo, akashusha sauti na kusahau alichotaka kusema. Daktari wa meno aliyezoea kushinda vikombe aliuingizia mipira mitatu mfululizo akarudi nyumbani bila kuaga. Bibi mmoja mwenye duka la vioo, mtu mpole, alitoa maneno ambayo mbeba fimbo wake aliyasimulia kwa wiki nzima. Malalamiko yakafika kwenye kamati. Hakuna nafasi, walisema. Baina ya mchanga na bendera hakuna pa kutua mpira, huko si kumpima mtu, ni kumwonea. Kamati ikaamua ufukiwe. Mwenyekiti wa kamati, jaji mstaafu, ndiye aliyetia sahihi, na yeye mwenyewe alikuwa amevunja fimbo yake juu ya goti pale pale.

Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa nimekaa juu ya mashine, mkono kwenye gia, na sikuwa na nguvu ya kuisukuma.

Jaji alikuja kwa miguu, peke yake, ameshika fimbo moja tu, kofia nyeupe kichwani. Nilidhani amekuja kuhakikisha. Alinipungia mkono nishuke, nikashuka na kuiacha injini inanguruma.

"Wewe ndiye uliyeutengeneza?" akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Miaka yote niliyokaa kortini sijawahi kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Jana usiku nimekumbuka kwamba safari hii nimefanya hivyo." Akauelekezea mtego fimbo yake. "Watu wanasema hauna haki. Hauna pa kutua mpira. Kama ni kweli, fukia sasa hivi. Kama si kweli, niambie."

Nikatazama kule kwenye miti. Shangazi hakusogea. Alikuwa mbali mno kusikia, lakini hakuwa mbali kuona. Nilielewa nilipofika. Nikinyamaza, Mama Mkwe anakufa. Nikisema, naye anakufa, ila kwa namna nyingine: mwenyekiti atajua, kesho kutwa klabu nzima itajua, na kazi yangu itabaki mchanga wa watoto. Nilitamani shangazi anyooshe hata kidevu. Hakunyoosha.

"Kwa mdomo sitaweza, Mheshimiwa," nikasema. "Twende tutembee."

Nikampeleka hadi kwenye bendera. Nikamgeuza. Kisha nikaanza naye kurudi, polepole. Alipofika kwenye bonde alisimama. Akalitazama lile zulia la majani, akatazama bendera nyuma yake, akatazama ukingo wa mchanga mbele yake. Akalipima kwa hatua, kwenda na kurudi, kama mtu anayenunua kiwanja. Akainama akayagusa majani.

"Hili lilikuwepo siku zote?"

"Siku zote."

"Hata siku niliyovunja fimbo?"

"Hata siku hiyo, Mheshimiwa. Pole kwa fimbo."

Alicheka kidogo, puani. "Basi mtego una haki," akasema. "Tena ni mkarimu." Na mimi, badala ya kufurahi, nilijiona nimeshamzika Mama Mkwe, maana alikuwa ameshatoa mpira mfukoni na alikuwa anaelekea pa kuanzia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake.

Nilimfuata. Akauweka mpira. Akasimama, miguu ameipanua sawasawa, akatazama mbele. Mimi nami nikatazama. Bonde halikuwepo. Lilikuwa limetoweka kama kawaida yake, na pale mbele ulikuwepo mchanga mweupe, dimbwi, ule mti mmoja, na bendera imechomoza juu ya mchanga.

Jaji akakohoa. Akafuta kiganja kwenye suruali, akashika fimbo, akaiachia, akafuta kiganja cha pili.

"Najua lipo," akajisemea. "Nimelikanyaga sasa hivi."

Akapiga. Fimbo iliposhuka tu aliinua kichwa kutazama, upesi mno, kama wanavyofanya watu wenye hofu, na mpira ukaenda chini chini ukazama katikati ya mchanga, puu.

Alibaki ameiinua fimbo hewani. Nilijiandaa kwa hasira. Nilitazama hata goti lake. Lakini mzee yule alianza kucheka, safari hii kwa kinywa kizima, mpaka kofia ikamdondoka.

"Binti," akasema, "ushahidi nimeuona kwa macho yangu, na mikono imekataa kunisikiliza. Umefanya nini hapa?"

"Nimechonga tu, Mheshimiwa."

"Ondoa udongo wako. Mshtakiwa aachiwe huru." Akaokota kofia. "Mimi nitamkatia rufaa kila Jumamosi. Na hilo bonde sitamwambia mtu. Wacha nao wateseke."

Alishika neno lake hadi alipoacha kucheza. Nasikia wapya wakimlalamikia alikuwa anawaambia kwa sauti ya kortini kwamba kiwanja kina haki, wakapige tena. Mimi tangu siku hiyo nimechonga mashimo mengi, katika miji ya kila aina, na nimetukanwa kwa lugha ambazo sizijui. Napenda kusimama pembeni nikisikiliza. Mtu akilitukana shimo langu huku anafuta viganja kwenye suruali, mimi mshahara wangu nimeshaupata. Hata hivyo, hakuna sifa wala tusi lililonifika kama lililofuata asubuhi ile.

Jaji aliingia mtegoni kuutafuta mpira wake. Alipiga mchanga mara kadhaa, ukamrukia usoni, hatimaye mpira ukatoka. Kisha akachukua reki iliyolazwa ukingoni, akavuta mchanga taratibu, akafuta nyayo zake zote mpaka mtego ukalala laini kama nilivyouacha siku ya kwanza. Akauinamia kichwa kidogo, nusu kwa mzaha, akaenda zake.

Nikapanda kwenye mashine yangu. Nilikuwa nimeshaweka gia ya kurudi nyuma, niende nikauhamishe udongo, nilipohisi kwamba kuna kitu kimepungua duniani. Ilinichukua muda kujua ni nini. Ngurumo niliyokuwa nikiisikia ilikuwa ya injini moja.

Nikageuka. Kule kwenye miti shangazi alikuwa amevua kofia, ameiweka juu ya usukani, anamimina chai kutoka kwenye chupa yake bila haraka, mtu aliyemaliza kazi. Hakunitazama. Mashine yake ilikuwa imenyamaza kimya.

Nikanyoosha mkono, nikaizima na yangu.